Nyota mbili kwa boksi la kupima choo, nne kwa mama wa hadubini

Nianze na nyota, maana najua wengine mtaishia hapo. Kifurushi cha kupima choo nyumbani, kile kinachojinadi kwamba sampuli moja tu itakuonyesha fangasi na vimelea vyote vya tumboni: nyota mbili kati ya tano. Maabara ya kawaida yenye dirisha dogo na foleni ndefu, ambako unatakiwa kupeleka vikopo vitatu kwa siku tofauti: nyota nne. Zahanati iliyonipa majibu ndani ya dakika kumi haina nyota kwangu. Majina siyataji.

Mimi ni fundi saa. Kutwa nzima nina lenzi jichoni na kibanio mkononi, kwa hiyo suala la kutafuta kitu kidogo kilichopotea mahali pachafu nilidhani nalijua. Tumbo lilipoanza kunisumbua nikasema ni jambo la kupima mara moja, kikionekana kitu nitameza dawa, yaishe. Dalili zenyewe hazikuwa za kutisha: gesi yenye harufu ya yai viza, kuharisha siku tatu, kisha siku nne shwari kabisa, kisha tena. Uzito ukashuka taratibu. Mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, nikalitoboa mwenyewe kwa kile kifaa cha kutobolea mikanda ya saa. Nilipotoboa la pili, mke wangu akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kapime."

Nikaenda zahanati. Nikapewa kikopo, nikarudi nacho, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi nikaitwa: "Una amiba." Karatasi iliandikwa neno hilo moja. Nikapewa metronidazoli. Siku ya pili mdomo ukawa kama ninanyonya sarafu, kichefuchefu juu yake, nikaacha dawa. Nyumbani nikasema nimemaliza dozi. (Mke wangu husoma ninachoandika, kwa hiyo leo amejua.)

Kuhusu hiyo amiba, daktari niliyekwenda kumwona baadaye alinieleza jambo ambalo lilistahili kuandikwa ukutani kila mahali panapopimwa choo. Kuna amiba aina ya Entamoeba histolytica, inayoumiza utumbo na inaweza kwenda hadi kwenye ini. Na kuna Entamoeba dispar, inayokaa tumboni bila kumdhuru mtu. Kwenye hadubini hizo mbili ni pacha. Zilitenganishwa rasmi kuwa viumbe viwili mwaka 1993, na hadi leo jicho peke yake haliwezi kuzitofautisha, isipokuwa mpimaji abahatike kuiona amiba iliyomeza chembe nyekundu za damu, hapo anakuwa na sababu ya kushuku ile mbaya. Vinginevyo kinahitajika kipimo cha antijeni au cha vinasaba. Tena chembe nyeupe za damu zilizomo kwenye choo huweza kumdanganya mpimaji mwenye haraka akaziita amiba. Kwa hiyo ile karatasi yangu ingeweza kuwa na maana tatu tofauti, na dawa ni ileile moja.

Nusu dozi ilinipa nafuu ya wiki kadhaa. Hali iliporudi ndipo nikaingia kwenye habari za fangasi.

Mkitaka kupotea haraka, tafuteni mtandaoni dalili za fangasi wa tumboni. Uchovu, gesi, kusahau, hamu ya vitu vitamu, kuwashwa, kukosa usingizi. Hakuna binadamu aliyevuka miaka arobaini asiye na nne kati ya hizo. Nikakutana na kile kipimo cha mate: ukiamka, kabla ya kupiga mswaki, temea kwenye glasi ya maji, subiri. Mate yakishusha nyuzi kama mizizi, una fangasi. Nikatema. Baada ya robo saa nyuzi zikashuka, ndefu, zikining'inia kama tope la mtoni. Nikamwamsha mke wangu aje aone. Akaangalia, akachukua glasi nyingine, akatema naye bila kusema neno. Za kwake zikashuka ndefu kuliko zangu, na mwanamke huyu tumbo lake halijamsumbua tangu nimjue. Akauliza, "Sasa mgonjwa ni nani?" Mate yana ute, na ute ukikaa majini hushuka. Hilo ndilo jambo pekee ambalo glasi ile inapima.

Jaribio la mke wangu lilitosha kunizindua. Wiki ileile nikaagiza boksi.

Niwe mkweli, boksi lenyewe ni zuri. Karatasi ngumu, kifuniko cha sumaku, ndani vyumba sita vilivyokatwa sawasawa. Kuna karatasi ya kutandika juu ya choo ili kilichotoka kisiguse maji, glavu, kijiti, chupa moja yenye dawa ya kuhifadhia ambayo kifuniko chake kina kijiko kidogo kwa ndani, na chupa ya pili tupu. Ile yenye dawa ni kwa ajili ya vimelea: unachota kijiko, unakoroga mpaka kivurugike, unafunga. Ile tupu ni ya kuotesha fangasi. Maelekezo yameandikwa vizuri na picha zinaeleweka hata kwa mtu anayeona haya kama mimi. Fomu iliuliza umri, uzito, kiwango changu cha msongo wa mawazo kuanzia moja hadi kumi, na kama ninapata usingizi. Haikuuliza kama nimetumia antibayotiki.

Nami nilikuwa nimemaliza dozi ya antibayotiki ya jino siku nne kabla.

Sampuli niliichukua Ijumaa asubuhi. Msafirishaji akaja jioni. Kwenye ufuatiliaji nikaona boksi limelala ghalani Jumamosi, Jumapili, likapokelewa Jumanne. Shikeni hapo, nitaparudia.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kurasa kumi na nne za rangi. Ukurasa wa kwanza una mstari unaoanza kijani, unapita njano, unaishia nyekundu, na mshale wangu ulikuwa kwenye nyekundu: kandida, yaani ule fangasi wa tumboni, kiwango cha juu. Upande wa vimelea, neno moja: "Havikuonekana." Kurasa zilizobaki ni ushauri, orodha ya vyakula vya kuacha, na unga wa kuondoa fangasi unaouzwa na walewale waliopima.

Nikachukua kurasa zangu kwa daktari nikitegemea ashtuke. Hakushtuka. Aliniuliza maswali matatu: ulikuwa unatumia dawa gani, sampuli ilikaa njiani siku ngapi, na walipima choo cha siku ngapi. Nilipomjibu akaufunga ule ukurasa wa rangi.

Nilivyomwelewa, mambo yako hivi. Kandida anaishi kwenye matumbo ya watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote. Ukichukua choo cha mtu mwenye afya ukakiotesha, mara nyingi ataota. Ukimuua bakteria kwa antibayotiki ya jino, kandida anapata nafasi na chakula, anaongezeka kwa muda. Na ukiweka choo kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia, ukakiacha siku nne kwenye joto la ghalani, kandida anaendelea kuzaana humohumo chupani. Kwa hiyo ule mshale mwekundu ungeweza kuwa ni habari za jino langu, au za ghala, na hakuna namna ya kujua uliuhusu utumbo wangu kwa kiasi gani. Hata choo kikifika kikiwa kibichi, kinachotoka mwisho wa safari hakielezi kilichoko kwenye utumbo mdogo, mita kadhaa nyuma.

Nikamuuliza, basi kipimo cha kweli ni kipi? Kipo. Mrija wenye kamera unapitishwa mdomoni mpaka kwenye utumbo mdogo, majimaji yanavutwa kutoka humo, yanaoteshwa, na kinachohesabiwa kuwa kingi ni kuanzia vijidudu 1,000 kwa mililita. Tatizo hilo la fangasi kuzidi kwenye utumbo mdogo linatambulika, ila si jambo la kumfanyia kila mwenye gesi: kuna mrija, kuna dawa ya usingizi, na hata hapo mate ya njiani yanaweza kuchafua sampuli. Hufikiriwa zaidi kwa mtu ambaye utumbo wake hausukumi vizuri, au aliyewahi kupasuliwa, au anayetumia kwa muda mrefu dawa za kuzima asidi. Mimi sikuwa mmoja wao. Vipimo vya kingamwili dhidi ya kandida navyo alivitupilia mbali: kwa kuwa karibu wote tunaishi naye, karibu wote tuna kingamwili zake.

Akaniambia pia kwamba mgogoro huu si wa leo. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa mzio cha Marekani kilisema hadharani kwamba ile dhana ya kandida kuuguza mwili mzima ni ya kubahatisha na haijathibitishwa. Mwaka 1990 likachapishwa jaribio la wanawake 42 walioaminika kuwa na tatizo hilo, waliopewa nistatini, dawa ya kuua fangasi, au dawa bandia bila kujua wamepewa ipi. Dalili za ukeni zilipungua zaidi kwa nistatini. Uchovu na mengine ya mwili mzima, nistatini haikuishinda dawa bandia.

"Sisemi huumwi," akasema. "Nasema hapa hawajapima kinachokuumiza."

Niliwaandikia wenye boksi nikauliza maswali yaleyale ya daktari, nikaongeza moja: kwenye "vimelea vyote" mnatafuta vipi na vipi? Jibu lilikuja siku ya pili, la upole, likinishukuru kwa kuijali afya yangu, na likinipa punguzo kwenye unga.

Sasa maabara. Ukifika unakuta dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia kikopo, mbele ya foleni nzima. Mama wa maabara ni mtu wa makamo, miwani shingoni, sauti ya mwalimu wa zamu. Faragha hakuna. Siku ya kwanza nilisikia akiuliza kwa nguvu, "Hiki cha nani? Mbona hakina jina?" na wanaume watano tukatazama chini. Nyota moja niliyowanyima ni kwa ajili ya dirisha hilo.

Lakini kabla hajanipa kikopo aliuliza kila kitu ambacho kurasa kumi na nne hazikuuliza. Dawa gani ndani ya mwezi huu? Antibayotiki? Dawa ya kuzuia kuharisha? Umepigwa picha ya tumbo ya kunywa ule uji mweupe? Nilikuwa nakunywa dawa ya maji ya kutuliza tumbo kila usiku. Akanirudisha. "Hiyo inanichafulia kioo, baba. Acha wiki mbili, ndipo uje." Nikasema wiki mbili ni nyingi. Akasema, "Umeumwa miezi, leo ndiyo umekuwa na haraka?" Akataka kujua pia kama ile dozi ya zahanati niliimaliza. Kwake nilisema ukweli. Alinitazama juu ya miwani mpaka nikatamani ningemdanganya.

Nilirudi. Masharti yake: vikopo vitatu, kila kimoja kwa siku yake, kwa kuruka siku, ndani ya siku kumi. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya choo. Kikiwa cha maji kifike ndani ya nusu saa, kikiwa laini saa moja, kikiwa kigumu kinaweza kusubiri. Sababu ni kwamba vimelea vilivyo katika hali ya kutembea hufa na kuharibika umbo upesi vikishatoka, na mpimaji anabaki kuangalia vipande visivyo na sura. Na vikopo ni vitatu kwa sababu vimelea havitoki kila siku. Leo vinatoka kwa maelfu, kesho hakuna hata kimoja, wewe ukiwa mgonjwa uleule. Hapo ndipo nilipoelewa zile siku zangu nne za shwari, na ile sampuli ya Ijumaa.

Kikopo cha kwanza: hakuna kitu. Cha pili: hakuna kitu. Nikaanza kuhesabu kwamba wale wa rangi walikuwa sahihi na mimi nimeaibika dirishani bure. Cha tatu nilikipeleka kwa sababu tu nilishapewa kikopo.

Nilikaa zaidi ya saa nzima. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona akifanya kazi. Alichanganya kipande na fomalini, akachuja, akaongeza kimiminika kingine, akaweka kwenye mashine ya kuzungusha ili kilicho kizito kishuke chini. Tone la mashapo likaenda kwenye kioo, tone la iodini juu yake, kioo chembamba kikafunika. Kisha akainama na kuanza kukipitisha kioo chini ya lenzi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima tuta kwa tuta bila kuruka hata moja. Hakuangalia saa wala simu. Najua kazi inayofanywa hivyo. Ukitafuta skrubu iliyodondoka ndani ya saa ukaruka pembe moja, itakuwa kwenye pembe hiyo.

Akaniita. "Wewe si fundi saa? Njoo uone saa yako."

Nikaweka jicho. Alikuwa ameikuza mara 400. Katikati ya takataka za kahawia palikuwa na kitu kimekaa peke yake, umbo la yai, ukuta wake mwembamba umechorwa safi kabisa, ndani yake vidoa vinne na kitu kama uzi uliojikunja. Giadia, kimelea cha utumbo, akiwa ndani ya ganda lake. Nikamuuliza ukubwa. Kama mikroni 10 hivi. Ncha ya mhimili wa lile gurudumu linaloyumba ndani ya saa ya mkono, kitu kidogo kuliko vyote ninavyovishika, ni karibu mikroni 100. Kilichonitoboza mkanda mara mbili ni sehemu ya kumi ya hicho. Nilibaki pale mpaka akanigusa bega, kuna watu wanasubiri. Nilikuja kusoma kwamba Leeuwenhoek, Mholanzi wa lenzi, alimwona mdudu huyuhuyu mwaka 1681 kwenye choo chake mwenyewe, naye akiwa anaharisha. Nikajisikia niko kwenye kundi zuri.

Nikamuuliza, kwa hiyo nina giadia, na kingine chochote sina? Akacheka. "Nimekwambia nilichokiona. Sijakwambia usichonacho." Akaanza kunihesabia kwa vidole huku akiosha mikono. Kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha, haonekani vizuri bila rangi maalumu, na rangi hiyo haiwekwi mpaka daktari aiandike. Strongiloide, mnyoo mdogo wa utumbo, hutoa viluwiluwi wachache mno, kioo cha kawaida humkosa mara nyingi, yeye hutafutwa kwa kuotesha choo au kwa kipimo cha damu. Wale minyoo wadogo weupe wanaowasha usiku hutaga nje, kwenye ngozi ya njia ya haja, kwa hiyo hutafutwa kwa gundi ya plasta asubuhi kabla ya kuoga, na anayewatafuta chooni anapoteza muda. Minyoo mikubwa ya mviringo ikiwa bado michanga haitagi, huchukua miezi miwili au mitatu tangu uimeze, na ikiwa ni madume matupu hutaona yai hata siku moja. "Sasa hao wa sampuli moja wanaosema vyote," akasema, "wana hadubini ya aina gani?"

Kwa haki, ziko maabara zinazotumia vipimo vya vinasaba, na kwa giadia au kwa kuitenga ile amiba mbaya na pacha wake ni vizuri kuliko jicho. Ila navyo hutafuta orodha iliyopangwa tu. Kuna kipimo kinachotumika sana chenye vitu 22, vimelea humo ni vinne, mnyoo hata mmoja hayumo. Ukiambiwa hakuna kitu, ombeni orodha. Na kwa mtu aliye mbali na maabara, ile chupa yenye dawa ya kuhifadhia ni wazo zuri sana. Wangeniletea tatu badala ya moja, wakaacha mshale wa kandida, ningekuwa naandika mambo mengine hapa.

Majibu ya maabara yalikuwa mstari mmoja kwa kalamu, mwandiko wa kufukuzwa. Daktari akanipa tinidazoli, dozi ya kumeza mara moja, na safari hii mke wangu alisimama mbele yangu nikiimeza. Kuharisha kulikoma wiki hiyo. Gesi ilichukua muda zaidi, nikaambiwa utumbo uliokwaruzwa na giadia hauponi siku moja, na kweli kufikia wiki ya sita nilikuwa nimerudi kwenye tundu la kwanza la mkanda. Bado kuna asubuhi linanguruma. Fangasi sikumtibu kwa chochote.

Wale wa boksi bado wananitumia ujumbe kila mwezi kwamba muda wa kupima tena umefika. Boksi lao liko hapa mezani ninapoandika. Vile vyumba sita vimetosha kabisa skrubu zangu, kila saizi na chumba chake, na kile kifuniko cha sumaku hakifunguki hata likianguka. Nyota ya pili ni ya hilo.